Taya la Mnadi

Machi 2

Mke wangu amenipa daftari hili kwa sababu kuanzia kesho sitaweza kusema, na hataki nimwite kwa kugonga kijiko mezani. Jalada lina picha ya paka aliyevaa miwani. Mimi, mtu niliyeuza vitanda, jenereta, viti vya ukumbi mzima, na safari moja jeneza ambalo mwenyewe alipona akalirudisha, nimeishia kuandika nyuma ya paka mwenye miwani.

Kwa atakayesoma nikifa: mimi ni mnadi. Uwanja wangu uko nyuma ya ghala la saruji, kila Jumamosi, na sauti yangu ilikuwa ikisikika mpaka kituo cha mafuta. Miaka sita iliyopita nilipanda juu ya kabati ili watu wanione vizuri, nikawaambia hii ni mbao ngumu, kabati la wajukuu. Likabomoka. Nikatua kwa kidevu. Niliinuka nikamaliza kunadi, na kabati nikaliuza vilevile, vipande vipande. Hospitali sikwenda. Jumamosi haiwezekani, na Jumapili nilikuwa naona nafuu.

Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika chini ya sikio la kushoto, pale taya linapoingia kwenye fuvu, na ulipopona ukajishikiza hukohuko. Sasa taya na fuvu langu ni mfupa mmoja. Kinywa hakifunguki zaidi ya unene wa sarafu chache. Nakula kwa kusukuma chakula kwenye pengo la jino. Nasema kwa meno yaliyobana, kama mtu anayemtishia mtoto msibani. Meno ya nyuma yameoza kwa sababu mswaki haufiki.

Watu wanadhani ninachokosa ni kupiga kelele. Ninachokosa zaidi ni kupiga miayo. Mwayo unakuja, unapanda mpaka masikioni, unakuta mlango umefungwa, unarudi ulikotoka. Na katika miaka hii sita nimekaa na watu waliostahili miayo mikubwa mikubwa.

Wa kwanza ni shemeji, kaka wa mke wangu. Uwanjani alikuwa mbebaji wangu: yeye anainua kiti, mimi nakisifu. Kuanzia wiki hii ananishikia mnada mpaka mvua ziishe. Anaongea kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Leo kaja kuniaga.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," akasema. "Nitajitahidi tu."

Nitajitahidi tu! Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili ni debe lisilovuma hata likiwa tupu.

Machi 5

Niko hai. Kichwa kimefungwa kama zawadi.

Machi 7

Meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa vyuma na vimpira, wiki nzima, ili taya lizoee mahali pake. Naongea kwa kalamu.

Daktari wa mataya amepita na wanafunzi wake. Ana fuvu la plastiki analolibeba kwapani kama mpira. Linafungua kinywa vizuri sana, na nimelichukia. Akalionyesha: hapa mbele ya sikio tumekata mfupa ulioganda, hapa juu tumeweka kikombe cha plastiki ngumu, hapa kwenye taya tumefunga chuma chenye kichwa cha mviringo, na kichwa kinazunguka ndani ya kikombe. Yote yametengenezwa kwa kipimo cha fuvu langu na kukazwa kwa skrubu.

Kwa Kiswahili, nimewekewa bawaba. Nimeuza milango maisha yangu yote, naijua bawaba. Nikamwandikia: Ina dhamana?

Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Bawaba haina shida, mzee. Shida ni nyama inayoizunguka. Usipoifanyia mazoezi itaganda kama mfupa ulivyoganda. Ikiganda itabidi nikufungue tena, na fuvu halikubali kutobolewa kila mwaka. Mvua hizi ndizo zako. Zikiisha kinywa hakijafunguka, sikuahidi kitu."

Kisha akasema neno ambalo madaktari hulipenda: "Kazi yangu nimemaliza. Iliyobaki ni yako." Na mimi huwaambia hivyo wanunuzi, nikishafunga mfuko.

Nimejitazama kwenye kioo cha chooni. Nyusi ya kushoto haipandi. Mshipa umeshtuka, wanasema, utaamka wenyewe. Nyusi hiyo ndiyo niliyokuwa nikimtazamia mtu akitaja bei ya kijinga. Nilikuwa naipandisha kidogo tu, na mtu anaongeza bei kwa aibu. Sasa uso wangu nusu unadharau na nusu umelala.

Machi 8

Uji kwa mrija. Asubuhi, mchana, jioni.

Machi 12

Nimerudi nyumbani. Mvua imeanza. Bati letu linapiga kelele kuliko shemeji.

Machi 14

Vimpira vimetolewa. Nilidhani kinywa kitafunguka chenyewe kama mlango uliotiwa mafuta. Kilifunguka kiasi cha kuingiza kidole kimoja, cha pembeni.

Nimekabidhiwa kwa msichana wa mazoezi ya viungo. Nimempa jina la Binti wa Vijiti. Ana umri wa mwanangu wa mwisho na ananiita "baba yangu" kwa sauti ya mtu anayemlisha kuku. Dawa yake ni vijiti bapa vya mbao, vile madaktari wanavyokandamizia ulimi. Unavipanga kama vitabu, unavisukuma kati ya meno, unakaa navyo. Ukizoea, unaongeza kimoja katikati. Mara tano kwa siku.

"Leo tumeanza na saba," akasema. "Tukifika ishirini na kitu, vidole vyako vitatu vitaingia vikisimama. Hapo tutakuwa tumeshinda. Haba na haba, baba yangu…"

Hujaza kibaba, najua. Alichosahau kusema ni kwamba kila haba inauma kama mtu anakuvuta sikio kutokea ndani. Nililia mbele yake. Machozi yalitoka macho yote mawili, hata lile la upande uliolala. Yeye akaandika kitu kwenye karatasi yake na kusema vizuri sana.

Machi 17

Vijiti saba. Mvua. Uji.

Machi 18

Vijiti saba.

Machi 22

Jumamosi. Shemeji kaja kutoa taarifa ya mnada. Amekaa ukingoni mwa kiti, maji yanamtiririka, akasimulia kwa mnong'ono mpaka ikabidi mke wangu arudie kila neno ili nisikie.

Ameuza meza. Nzuri. Lakini kabla ya kuiuza alimwambia mnunuzi kwamba mguu mmoja una ufa.

Nikaandika kwa herufi kubwa: KWA NINI?

"Si una ufa, Shemeji?"

Nikamwandikia kwamba kila kitu duniani kina ufa, na mnadi ameumbwa ili asimame mbele yake. Akasoma mara mbili, akasema, "Lakini wanasema chema chajiuza."

Methali hiyo ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti. Kama chema kingejiuza mimi ningekufa njaa, na wenye vitu vyema wangenizika.

Nilitaka kupiga mwayo usoni kwake. Ukaja, ukagonga, ukarudi.

Machi 26

Vijiti nane. Binti wa Vijiti amefurahi kana kwamba nimejifungua.

Machi 29

Daraja la kwenda hospitali limefunikwa na maji. Mpaka yapungue hakuna kwenda. Binti amepiga simu: mke wangu awe anahesabu vijiti kinywani mwangu kila Jumamosi na kumpigia amtajie idadi.

Mke wangu akahesabu. Nane. Nilimsikia akisema "nane" kwenye simu, kwa sauti ile anayotumia kuwaambia majirani kwamba mtoto amefeli. Kisha Binti anaongea, kisha mke wangu: "Ndiyo, namwambia. Ndiyo, ni mvivu."

Mvivu! Mimi!

Nimewaza mchana kutwa. Binti wa Vijiti anataka idadi. Hajauliza unene. Kwenye mnada ni hivyohivyo: watu hununua idadi. Ukisema viti sita, hakuna anayeuliza kama cha sita kina mgongo.

Kuna kipande cha msasa kwenye kisanduku cha vifaa.

Aprili 5

Vijiti kumi na moja. Mke wangu amevihesabu mara mbili, akanitazama, akaenda kupiga simu.

Vimekuwa vyembamba vizuri, laini kama karata. Navisugua dirishani wakati yeye yuko jikoni. Havionekani tofauti ukivitazama kwa mbele, na nani anakitazama kitu kwa ubavu?

Aprili 8

Mvua.

Aprili 12

Vijiti kumi na tatu. Nyumba nzima inanipongeza.

Nilijiona mzima kiasi cha kwenda uwanjani. Nikajifunga skafu mpaka puani na kusimama nyuma, kati ya magodoro. Mvua ilikuwa inapiga bati la ghala, na shemeji alikuwa amesimama chini, hata si juu ya kreti, na kiti mkononi. Sauti yake haikufika hata kwenye magodoro. Watu walikuwa wamemsogelea, wamemzunguka, wameinamisha vichwa kama wanaosikiliza siri ya ndoa ya mtu.

"Hiki kinayumba kidogo," nikamsikia akisema nilipojisogeza. "Ukitia kipande cha mbao hapa, hakiyumbi. Nani ana shilingi za kuanzia?"

Anauza kama anayeungama dhambi. Kiti kilienda kwa bei ya kutupa. Mnunuzi aliondoka akitabasamu, na mnunuzi anayetabasamu ni mnadi aliyeshindwa.

Mwanamke mmoja akamuuliza, "Na yule mwenyewe, yule wa kelele, alikufa?"

"Hajafa," shemeji akasema. "Mimi namwekea nafasi tu."

Niliondoka. Nilikuwa nimekuja kumdharau na sikuwa nimemaliza, na sasa amenivurugia.

Aprili 19

Vijiti kumi na sita. Msasa umeisha, nimeagiza mwingine kwa mpita njia.

Sijui kwa nini sina furaha. Uji bado unapita kwa mrija.

Aprili 22

Maji ya daraja yamepungua. Hospitali wamepiga simu, wameiwahisha siku yangu na fundi wa meno. Nilitarajia mwezi ujao, wanasema Alhamisi hii. Bila shaka wamevutiwa na maendeleo yangu.

Aprili 24

Nitaandika yote, kwa sababu nikilala nayo nitapasuka.

Fundi wa meno ni mtu mnene anayeimba puani akifanya kazi na kukuuliza maswali mikono yake ikiwa kinywani mwako. Kazi yake ni kunitengenezea meno ya bandia, juu na chini, badala ya yale yaliyooza ambayo yameng'olewa nikiwa usingizini. Ili ayatengeneze lazima achukue umbo la kinywa. Anajaza ujiuji wa kunata kwenye kisinia cha chuma chenye umbo la kwato, anakiingiza kinywani, ujiuji unashika, anautoa.

"Karatasi inasema leo tuchukue umbo," akasema. "Fungua."

Nikafungua.

"Fungua, mzee."

"Nimefungua," nikasema. Kusema naweza siku hizi, kwa midomo.

Akaacha kuimba. Akaleta kisinia. Kikagonga meno ya mbele, ng'a! Akakilaza ubavu. Ng'a! Akachukua cha watoto, naapa, cha watoto, kina mchoro wa sungura kwenye mpini. Kikaingia nusu, kikakwama. Mimi, mtu wa miaka hamsini na nane, nimeketi na kisinia cha sungura kimesimama mdomoni kama ufunguo usiofungua.

Akamwita daktari. Daktari akaja na fuvu lake, sijui kwa nini, labda hulala nalo. Akapima kwa rula. Akapima tena. Kisha akaniomba vijiti.

Nilikuwa navyo mfukoni, vimefungwa kwa mpira, kumi na sita. Akavitoa akaviweka mezani. Vilikaa pale kama kipande cha biskuti. Akachukua kumi na sita vipya kutoka kwenye boksi lake na kuviweka pembeni. Vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vyangu. Nilitamani wacheke.

"Mzee," daktari akasema, taratibu, "umekuwa ukimdanganya nani?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na sungura.

Akasema nyama imeanza kukaza. Akasema bado haijakomaa, lakini haitanisubiri. Wiki chache. Baada ya hapo ni kisu, na kisu cha pili hakina sifa ya cha kwanza. Nilikuwa naziona skrubu zangu kwenye picha ya eksirei nyuma yake, nyeupe, zimejipanga, zimefanya kazi yao. Niliogopa. Sijawahi kuandika neno hilo mahali popote. Niliogopa kubaki hivi mpaka nife, nikinyonya maisha kwa mrija, na shemeji akiwaambia watu kwamba ananiwekea nafasi.

Aprili 25

Nilikuwa nimepanga kumwambia mke wangu mwenyewe, kwa maneno niliyoyachagua. Hakunipa nafasi.

"Ulidhani ni mchwa?" akasema, akipangusa dirisha.

"Nini?"

"Unga wa mbao hapa dirishani kila Ijumaa. Siku ya kwanza nilidhani mchwa. Halafu nikaona msasa. Mchwa hawatumii msasa."

Nikamuuliza kwa nini basi alimpigia Binti simu na kumwambia kumi na moja, kumi na tatu, kumi na sita.

"Nani alimwambia?" Akakunja kitambaa. "Nimeishi na mnadi miaka thelathini. Ukisema kitu kinauzwa mia, mimi najua ni hamsini. Kila Jumamosi nilikuwa nakata nusu kabla ya kushika simu. Wakaona unarudi nyuma, ndiyo maana wakaiwahisha siku ya meno."

Kwa hiyo wote walijua. Binti alijua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata nusu hiyo ilikuwa imenipendelea.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nimetumwa na kaka yangu. Nikasema bora chuma cha fundi wa meno kikuambie. Chuma huwezi kukinadia."

Akaenda jikoni. Nilimsikia akicheka peke yake, kisha hakucheka, kisha maji ya bomba yakafunguliwa kwa muda mrefu bila kuosha kitu. Nilibaki nimekaa. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilimdharau mtu asiye shemeji, na chumbani nilikuwa peke yangu.

Aprili 27

Binti wa Vijiti amekuja mwenyewe nyumbani, buti zimejaa matope. Ameleta vijiti vipya. Kila kimoja amekitia sahihi ubavuni kwa kalamu ya wino. Ubavuni!

"Tumeanza na sita, baba yangu," akasema. Si saba. Sita. Halafu akamwambia mke wangu anitafutie mtu wa kukaa nami, asiyebembelezeka na asiyekuwa na maneno mengi.

Wakatazamana. Nikajua ni nani kabla hawajamtaja.

Aprili 28

Shemeji. Mara tano kwa siku. Anapanga vijiti, anaviingiza, anakaa. Anatazama saa ya ukutani. Hasemi.

Anatafuna karafuu, ananuka kama jino bovu.

Mei 2

Vijiti nane, vya kweli. Leo nilimtukana kwa sauti nikiwa na mbao kinywani. Maneno yalitoka kama maji ya bomba lenye hewa. Akasubiri nimalize, akaongeza kijiti.

Mei 3

Tisa. Shetani.

Mei 9

Lazima nikiri kwamba mtu asiyesema ni mtu mzuri wa kukaa naye ukiwa na mbao kinywani. Mtu mwingine yeyote angenisimulia habari za mgonjwa mwenye hali mbaya kuliko mimi.

Kumi na moja.

Mei 10

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Hakuna mnada. Shemeji amekaa hapa siku nzima.

Baada ya zoezi la nne, vijiti vikiwa bado kinywani, akaanza kusema bila kuulizwa. Alikuwa anatazama saa.

"Lile kabati," akasema. "Mimi ndiye niliyelishusha kwenye gari siku ile. Nyuma lilikuwa ubao wa kubandika tu. Nikakuambia, Shemeji, halitakubeba."

Nikatikisa kichwa. Hakuniambia. Ningekumbuka.

"Nilikuambia. Ulikuwa umeshaweka mguu mmoja juu." Akatazama tena saa. "Nilisema taratibu."

Miaka sita mtu huyu amekuwa akija nyumbani kwangu, anakaa ukingoni mwa kiti, na mimi nikidhani ni adabu ya mpumbavu. Kumbe kila ninaposema kwa meno yaliyobana yeye anasikia kabati. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikasirika, kwa sababu hakuna haki ya kumpa mtu habari kama hiyo akiwa na vijiti kumi na moja kinywani.

Nikachukua daftari na kumwandikia: Hata ungepiga kelele nisingekusikia. Mimi husikia bei tu.

Akasoma mara mbili, kama kawaida yake. Akakunja midomo. Kisha akaongeza kijiti, mshenzi.

Mei 14

Kumi na tatu. Nimekula ndizi. Kwa kijiko, imepondwa, lakini ndizi.

Mei 17

Kumi na tatu.

Mei 18

Kumi na tatu. Haiongezeki. Nilimfukuza shemeji. Akatoka nje, akakaa kibarazani mpaka zoezi lililofuata, akarudi.

Mei 24

Kumi na sita. Nimeviweka vile kumi na sita vya msasa pembeni na kuvitazama. Nikavitupa.

Mei 29

Kisinia kimeingia! Si cha sungura, cha watu wazima. Fundi wa meno akaimba wimbo mzima. Ujiuji ulikuwa na ladha ya dawa ya mswaki iliyooza, nikafurahia kila tone.

Nyusi ya kushoto imetikisika leo mke wangu aliponiambia nimenenepa. Ameona. Akasema, "Imerudi na dharau yake."

Juni 3

Mvua zimekatika. Hewa inanukia vumbi.

Leo ni kujaribu meno, yakiwa bado yamesimamishwa kwenye nta, kabla ya kuyakamilisha. Shemeji amenisindikiza, akasimama mlangoni. Fundi wa meno akaniambia nihesabu kwa sauti, kuanzia sitini, kwa sababu kwenye "s" meno ya juu na ya chini yanakaribiana sana, na yakigongana atajua ni marefu.

"Sitini," nikasema.

"Endelea."

"Sitini na moja. Sitini na mbili." Meno hayakugongana. Bawaba ilizunguka bila kelele. Kwenye sitini na nne kitu kikanipanda kutoka kifuani. "Sitini na tano, nani ana sitini na sita? Sitini na sita yule mama wa kona, sitini na sita mara ya kwanza, msinitazame mimi, kitazameni kiti, kiti cha daktari, kinapanda, kinashuka, kinalala! Nani sabini?"

Fundi wa meno alikuwa amesimama na mkono hewani. Nje foleni yote iligeuka kutazama.

"Sabini," akasema shemeji, mlangoni.

Nikamtazama. Nikapandisha nyusi ya kushoto, kidogo, kadiri inavyofika.

"Themanini," akasema.

Sikumuuzia. Kiti kile ni cha mia mbili kwa macho yaliyofumba.

Juni 7

Jumamosi, jua kali. Nimerudi uwanjani na meno mapya, nimesimama juu ya kreti. Si kabati. Nilinadi vitu vitatu. Sauti yangu ilifika kwenye lango la ghala, haikufika kituo cha mafuta, na baada ya kitu cha tatu taya lilikuwa linatetemeka. Daktari alikwishaniambia: bawaba hii si ile niliyozaliwa nayo, itakuwa inachoka. Nikamkabidhi shemeji na kuketi kwenye kochi lililokuwa linasubiri kuuzwa. Mke wangu alikuwa pembeni yangu na mwavuli wa jua.

Shemeji akainua kiti. Akaanza kueleza. Alieleza mgongo wake, akaeleza mguu wa nyuma, ufa ulipoanzia, gundi iliyotumika, unyevu wa mwaka jana, mbao inavyovimba na inavyorudi. Mteja mmoja tu alibaki anasikiliza, bwana mwenye kofia, ameshatoa pochi. Shemeji akamwambia asikimbilie kulipa, kwanza akione kwa chini.

Ndipo ulipokuja. Nilijua tangu unaanza, chini ya mbavu. Ukapanda, ukafika masikioni, nikajiandaa kwa kugonga na kurudi. Haukurudi. Mlango ulifunguka. Kinywa kikafunguka, kikaendelea kufunguka, hewa ikaingia mpaka nyuma kabisa mahali ambapo haikuwa imefika miaka sita, macho yakajaa machozi, na ikatoka kwa sauti, aaaah, mbele ya watu wote, katikati ya maelezo ya shemeji. Mwayo mmoja mzima. Sijawahi kumdharau mtu vizuri kiasi kile.

Mke wangu aliangusha mwavuli. Alinishika mkono na hakuuachia.

Shemeji akageuka. Kiti kilikuwa bado juu mkononi. Akafungua kinywa, na mtu yule ambaye sijamsikia akipaza sauti hata siku ya kuzaliwa mwanawe, akapiga ukelele:

"SHEMEJI! RUDIA! RUDIA WAONE!"

Ilisikika mpaka kituo cha mafuta. Mtu wa pampu alitoka nje kutazama. Yule bwana mwenye kofia alishtuka, akarudisha pochi mfukoni na kwenda zake, na shemeji hata hakumwona, amesimama pale analia na kiti hewani.

Mnadi gani anamwacha mteja aondoke na pesa mfukoni! Wiki ijayo itabidi nianze kumfundisha.